Mwogeleaji naye hutoka jasho

Kasarani, Nairobi

Mpendwa Mama Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sote tu wazima, ila baridi ya Julai imetushika. Nimefurahi kusikia Zuhura anakuja huku kushindana, lakini neno moja la barua yako limeninyima raha: eti hahitaji kunywa mazoezini kwa kuwa anashinda majini.

Mwenzangu, mwogeleaji hutoka jasho kama mkimbiaji, hata kama kwa kawaida ni kidogo zaidi. Halionekani tu, kwa kuwa maji ya bwawa hulichukua papo hapo. Na jasho la ndani ya maji haligeuki mvuke, kwa hiyo halipozi mwili. Huko kwenu bahari ikiwa ya moto, mtoto anapoteza maji na joto linabaki. Mwaka 2010, mwogeleaji Mmarekani Fran Crippen alifia majini huko Fujairah, Falme za Kiarabu, katika shindano la kilomita 10, siku ambayo bahari ilikuwa ya moto mno. Baadaye kikomo kikawekwa: maji yakipita nyuzi 31, hakuna shindano.

Umeona pia waogeleaji wanavyokimbilia chooni? Maji huubana mwili, damu ya miguuni ikapanda kifuani, moyo ukahisi damu imezidi, na figo zikaanza kuipunguza kwa mkojo. Kiu nayo hufifia, ndiyo maana usingoje mtoto aombe. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ni kavu. Kila pumzi huondoka na unyevu.

Mpime uzito kabla ya mazoezi na baada, akiwa amejifuta vizuri. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja. Kwa uzito wake wa kilo 50, asifike kupungua kilo hiyo moja. Ila usimlazimishe kunywa kupita kiasi, maana chumvi ya damu ikishuka mno ni hatari kubwa.

Kwa mazoezi ya saa moja maji matupu yanatosha. Yakizidi saa mbili, atie sukari na chumvi kidogo. Madafu nayapenda mno, lakini yana chumvi kidogo kuliko ile inayoondoka na jasho.

Mnunulie chupa yake, akae nayo ukingoni, anywe kila anapopumzika. Niandikie uzito wake wa wiki hii, kabla na baada, nijue tumwandalie nini akifika.

Wako,
Mama Neema