Shukrani kwa kijana aliyeiwasha kompyuta ya mwanangu, Lamu

Kaka, uliondoka mbio kuwahi swala ya Alasiri kabla sijakuuliza jina, basi pokea shukrani zangu hapa mbele ya watu.

Mwanangu aliiunda kompyuta yake mwenyewe, kipande kwa kipande, na vifaa vyenyewe vimevuka kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara. Akibonyeza swichi, feni inajitikisa kidogo, kisha kimya. Fundi mmoja alishatuambia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imeungua, tununue nyingine. Kwa bei zile!

Wewe hukutaja kununua kitu. Ulikandamiza waya wa pini 24 unaolisha umeme madabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa, kisha ule wa pini 8 unaolisha prosesa. Vyote vizima. Ndipo ukaitoa madabodi kwenye kasha, ukailaza juu ya boksi la kadibodi, ukaacha kipande kimoja tu cha RAM, yaani kumbukumbu, ukagusisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Ikawaka! Kumbe prosesa nzima, tatizo liko kwenye kasha. Ukamulika ndani ya kasha kwa tochi ya simu, ukatuonyesha kijiguzo cha shaba kilichokuja kimefungwa tangu kiwandani, mahali ambapo madabodi yetu haina tundu. Kilikuwa kikigusa lehemu za chini na kupiga shoti, na pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme, ikijizima kujikinga.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba bisibisi ulimpa mwanangu akifungue kijiguzo hicho yeye, ukamngoja bila kumharakisha. Sasa anawaeleza wenzake kila hatua.

Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu na riziki, na wazazi wako awape afya. Kwetu ni kwako, wakati wowote.