Siku 23 kwenda, karibu miezi 3 kurudi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Umeuliza iweje bahari ileile imchukue Vasco da Gama, baharia Mreno, siku 23 kwenda India na karibu miezi 3 kurudi. Tazama tarehe alizong'oa nanga.

Aliondoka Malindi 24 Aprili 1498, kusi, upepo unaosukuma vyombo kuelekea India, ndiyo kwanza inashika, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi (João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, anasema alikuwa Mgujarati). Baada ya siku 23 bila kuona nchi kavu, tarehe 18 Mei akaiona India, na 20 Mei akatia nanga karibu na mji wa Calicut. Kurudi, aliacha kisiwa cha Anjediva, kwenye pwani ya India, 5 Oktoba, na hapo ndipo alipokosea. Oktoba ni tangambili: kusi imekufa, kaskazi bado haijashika. Chombo hupata shwari, kisha upepo wa mbele, kisha shwari tena. Angengoja Desemba, kaskazi ingemsukuma mpaka pwani. Lakini alikwisha kosana na Samorin, mfalme wa Calicut, kwa hiyo haraka yake naielewa.

Shwari ilichelewesha; kilichoua ni kiseyeye. Biskuti ngumu na nyama ya chumvi hazina vitamini C, na akiba ya mwilini huisha kati ya mwezi mmoja na mitatu. Fizi huvimba mpaka zikafunika meno, miguu hujaa, makovu ya zamani hufumuka. Katika kuvuka huko walikufa watu 30, na kila meli ikabaki na watu 7 au 8 tu wa kufanya kazi. Meli tatu zikawashinda. Januari 1499 waliichoma São Rafael kwenye mafungu ya Mtangata, karibu na Tanga, mabaharia wake wakagawanywa.

Kinachoniuma ni kwamba dawa yenyewe, machungwa, walikuwa wamekwisha kuila. Aprili 1498 meli hiyohiyo ilikwama kwenye mafungu hayohayo, maji yalipokupwa ikabaki kavu. Wenyeji wakaja na mashua mbili, moja imejaa machungwa, na mwandishi wa safari akayasifu kuliko ya Ureno. Huko Mombasa mfalme akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wote wakapona! Mwandishi akashukuru Mungu, sifa akaipa hewa nzuri ya mji.

Waliporudi Malindi Januari 1499, wagonjwa wenyewe walikuwa wakiyatamani machungwa, na nahodha akatuma mtu akayatafute. Yaliletwa kesho yake. Wengi walikufa palepale Malindi.

Wako,
Mwanaisha