Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mto na Visima Vyetu Mwaka 2024

Wazee wetu, akina mama, vijana na wanachama wote wa jumuiya ya watumia maji, hamjambo.

Mambo ya fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia vipimo vya maji.

Mafuriko ya Aprili na Mei hayakutupita. Kipimo chetu cha chini, pale darajani, kiling'olewa pamoja na zege lake. Kimesimamishwa upya, lakini ubao wenye alama za sentimita ni nusu tu ya kazi. Mafuriko yalichimba sakafu ya mto na kusogeza mawe, kwa hivyo sentimita 40 za leo si maji yale yale ya sentimita 40 za mwaka juzi. Ndiyo maana mmewaona vijana wetu wamevaa mabuti marefu katikati ya mto. Wanavuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, wanaugawa mto vipande vipande, na katika kila kipande wanapima kina. Kisha wanashusha mita ya mkondo hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, mahali ambapo mwendo wa maji hukaribia wastani. Upana mara kina mara mwendo, vipande vyote vikijumlishwa, ndipo tunapata lita kwa sekunde. Kazi hii hurudiwa maji yakiwa haba na yakiwa mengi. Hadi jedwali jipya la kugeuza sentimita za ubao kuwa lita kwa sekunde likamilike, tafadhali msilinganishe takwimu za darajani na za miaka iliyopita.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima raha mwaka mzima. Wasomaji wetu husoma vipimo saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Wakati wa kiangazi, mto usioguswa hupungua kidogo mchana kwa sababu ya jua na miti, kisha hupata nafuu usiku. Kituo cha juu, mpakani mwa msitu, kinafanya hivyo hasa. Cha darajani kinafanya kinyume: asubuhi maji yako chini kuliko yalivyokuwa jioni. Jua halikaushi mto usiku. Kati ya vituo hivyo viwili kuna watu wanaowasha pampu tukilala, nje ya zamu tuliyokubaliana. Sitamtaja mtu hapa, ila daftari liko mezani na kila mwanachama ana haki ya kulisoma.

Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba ya mto, yaani maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu na ya viumbe vya majini. Maji hayo si ya kumwagilia kabichi wala maua. Yanapaswa kupita hapa, yaingie mto Ewaso Ng'iro, yawafikie wafugaji wa Samburu kule Archer's Post. Wao hawana kiti katika mkutano huu, na kila tunachokizidisha huku juu wanakikosa wao.

Kuna wanaouliza kwa nini tunahangaika na trauti. Ni kweli si samaki wa asili. Aliletwa Kenya mwaka 1905, akaanzia mto Gura kule Aberdare. Lakini ni wa ukoo mmoja na samoni, na kama samoni anataka maji baridi yenye hewa ya kutosha. Joto likikaribia nyuzi 20 anaanza kutaabika. Wavuvi wetu wakituambia hawampati tena chini ya daraja, ni habari ya kuandikwa daftarini pamoja na kina cha maji.

Kuhusu visima, tumeanza, ingawa kwa shida. Utepe wa kupimia hushushwa alfajiri, kabla pampu haijawashwa na baada ya kisima kupumzika usiku kucha. Ncha ikigusa maji hulia, nasi tunasoma mita kutoka mdomo wa kisima. Baadhi yenu mmetufungia mageti mkihofia kwamba kipimo kitawaletea matatizo ya vibali. Hofu hiyo naielewa. Lakini Februari, mvua hakuna na barafu ya mlimani imebaki vipande, maji yanayopita mtoni hutoka ardhini. Mwenye kisima karibu na mto na mwenye mfereji wanachota chungu kimoja. Tukipima mto peke yake, tutaendelea kumlaumu mwenye mfereji kwa maji ambayo huenda yalivutwa na pampu ya jirani yake.

Kamati inapendekeza mkutano huu upitishe mambo mawili: kila mwanachama mwenye kisima kirefu akubali kipimwe mara moja kwa mwezi, na mita zifungwe kwenye pampu zote za mtoni kabla ya kiangazi kijacho. Tutapiga kura kwa kuinua mikono, baada ya maswali.

Kituo cha juu kinahitaji msomaji mwingine. Anayeishi karibu na msitu na yuko tayari, aandikishe jina kwa katibu leo kabla hatujatawanyika.