Malalamiko kuhusu unga wenu wa mitishamba wa kuku wa nyama

Pongwe, Tanga
14 Agosti 2024

Kwa Meneja Mauzo,

YAH: KOPO LISILO NA KIPIMO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nafuga kuku wa nyama hapa Pongwe, huu mwaka wa sita. Mwezi uliopita nilinunua kwa wakala wenu wa mjini makopo mawili ya unga wa mitishamba, kila moja shilingi 18,000. Lebo inataja mwarobaini, kitunguu saumu, tangawizi na manjano. Mitishamba nimeikuta nyumbani. Marehemu mama alikuwa akiwatilia kuku wake majani ya mwarobaini kwenye maji, na kitunguu saumu mpaka leo natwanga mwenyewe.

Sasa tazameni lebo yenu. Chini ya neno "Matumizi" mmeandika: "Changanya kiasi cha kutosha kwenye chakula." Basi. Kiasi cha kutosha kwa kilo moja, au kwa mfuko wa kilo 50? Nikampigia wakala, akaniambia vijiko vitatu kwa ndoo. Kijiko gani, cha chai au cha kulia wali? Akacheka: "Mama, hiyo mitishamba, haizidi." Inazidi! Mwarobaini ni mchungu, ukikolea kuku anasusa chakula, na kuku wa nyama siku zake zinahesabika.

Nilikuwa na kuku 300 katika vyumba viwili. Niliona makopo hayatatosha, nikatilia chumba kimoja tu kuanzia kuku walipofika siku 10, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Siku ya tatu tangu nianze kutilia, asubuhi, upande wenye unga, vilisho vilikuwa bado nusu na chakula kingine kimechakurwa chini kwenye maranda, kuku wanadonoa punje za mahindi na kuacha vumbi la kijani. Upande wa pili vilisho vitupu, wananifuata miguuni. Walipofika siku 28 nilipima kuku kumi kila chumba. Wasiopewa walifika wastani wa kilo 1.3, waliopewa gramu 900. Chakula kilekile, vifaranga wa kreti zilezile, chanjo zilezile. Wauza chipsi wangu wa Ngamiani wamewakataa hao wadogo, nami siwalaumu.

Kopo la pili nilipolifungua nilishangaa. La kwanza unga wake ulikuwa wa kijani, unanuka mwarobaini mtupu. Hili njano kama bizari ya mchuzi. Namba ya toleo ni ileile kwenye makopo yote mawili.

Wakala wenu alinishauri pia niache chanjo na dawa ya kuhara damu, eti unga unatosha. Hapo sikumsikiliza. Gumboro ni ugonjwa wa kuku unaoletwa na kirusi, hakitishwi na tangawizi. Lakini mfugaji mgeni angemwamini, na angezika banda zima.

Naomba mnirudishie shilingi 36,000, muandike kwenye lebo gramu ngapi kwa kilo ya chakula na kila mmea umo kwa kiasi gani, na wakala akatazwe kuzungumzia chanjo. Nikikaa siku 14 bila jibu, nitakwenda kwa afisa mifugo wa kata, kisha Tume ya Ushindani, inayolinda walaji. Daftari la mizani ninalo. Kopo la njano nimelifunga kwa selotepu, kimepungua kijiko kimoja tu. Cha chai.

Mfugaji wenu wa Pongwe