Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Vifaa Tulivyotoa, na Tulivyojifunza Kuuliza Kwanza

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wa chama, shikamooni.

Taarifa ya mwenyekiti wa chama chetu cha wapanda milima huwa yaanza na milima. Mwaka huu safari zilifanyika kama zilivyopangwa, na mahudhurio yote yako kwenye kumbukumbu za katibu, kwa hiyo sitayarudia. Naomba nafasi hii niitumie kwa jambo moja lililochukua muda na fikira zetu kuliko milima yote: vifaa vya safari tulivyovitoa kwa wanaohudumia watu wenye maradhi ya akili, na kwa vikundi vya mitaani.

Tulianza vibaya, na makosa yalikuwa yetu.

Mwezi wa Februari tuliwaomba mtoe mlivyonavyo majumbani, nanyi mkatoa kwa moyo. Stoo yetu ya Tudor ilijaa mpaka mlango ukawa haufungiki: mifuko ya kulalia 22, mahema 8, mabegi ya mgongoni 31, viatu vya mlimani jozi 46, na makoti ya mvua ambayo hatukuwahi kuyahesabu sawasawa. Tukakodi pikapu, tukapeleka sehemu kubwa ya mzigo kwenye kliniki moja ya siku ya afya ya akili upande wa Changamwe. Tukapokewa kwa shukrani, tukarudi makwetu tumeridhika. Mwezi wa Mei katibu alipita pale kwa shughuli zake. Akaikuta mifuko ile ile ya kulalia, imefungwa vile vile, imerundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha faili, na wahudumu wanaipita kwa ubavu.

Tulirudi kumwona muuguzi msimamizi, safari hii mikono mitupu. Alituweka kitako, akatuambia kwa upole: "Wanangu, mifuko ya kulalia ya nini? Wagonjwa wangu jioni warudi kwao, na usiku wa Mombasa hata shuka ni mzigo." Kisha akachukua karatasi, akatuandikia anachokitaka. Kofia za pama. Mashati mepesi ya mikono mirefu. Chupa za maji. Viatu vya kutembelea, vizima.

Mimi nimepanda milima miaka mingi na sikuwa najua sababu, kwa hiyo naieleza hapa kama alivyotueleza. Klopromazini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kliniki za umma huitumia, huifanya ngozi isistahimili jua, na mtu anaweza kuungua kwa matembezi ya saa moja tu. Dawa nyingine, hasa zile zinazotolewa kuzuia mwili usikakamae, hupunguza jasho, mwili ukashindwa kujipoza. Anayetumia lithiamu naye akikaukiwa maji, dawa hupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu. Sasa mchukue mtu huyo, mtembeze kwenye ufuo wa Mama Ngina saa tano ya asubuhi mwezi wa Machi, kichwa wazi na bila maji. Wahudumu walikuwa wakitaka kuwatembeza wagonjwa wao tangu zamani, kwa sababu wanaona jinsi mtu anavyorudi amechangamka, lakini waliogopa jua. Sisi tulikuwa na kofia kabatini na hatukuzitoa, tukidhani kofia ni kitu kidogo.

Aliongeza jambo moja nalo tumelifanya kanuni. Kamba, visu na vigingi vya chuma havipelekwi mahali wanapohudumiwa wagonjwa, hata kama vimo ndani ya mfuko wa hema. Kila begi sasa hupekuliwa mfuko kwa mfuko kabla ya kutoka stoo.

Nije kwenye viatu, maana hapa ndipo nilipoumia zaidi. Katika zile jozi 46, nyingi zilionekana mpya. Wanachama walizinunua kwa ajili ya Kilimanjaro au Mlima Kenya, wakazivaa mara moja au mbili, wakaziweka. Tulimpa jozi moja nzuri ya rangi ya udongo mzee mmoja wa kikundi cha matembezi. Hatukufika mbali. Kabla ya kumaliza ufuo wa Nyali, soli ya mguu wa kulia ilibanduka kuanzia kisigino, na ndani yake yakamwagika makombo ya kijivu kama mkate ulioota ukungu. Aliinama, akayaokota makombo yale moja moja, akayatia mfukoni, kisha akaniomba radhi kwa kukiharibu kiatu changu. Niliona haya ambayo sijui niieleze vipi. Mzee hakukiharibu. Kilikuwa kimeshakufa ndani ya kabati la mmoja wetu.

Sababu yake ni hii. Soli ya katikati ya viatu vingi vya mlimani ni povu la poliyurethani. Povu hilo hunyonya unyevu wa hewani na kuvunjika pole pole, hata kiatu kisipovaliwa, na kikikaa bila kutembelewa ndiyo hali huwa mbaya zaidi. Hewa yetu ya Pwani mwaijua ilivyo. Kiatu cha miaka minane kabatini Mombasa ni cha kupimwa kwanza: kikunjeni kwa mikono miwili, bonyezeni ubavu wa soli kwa dole gumba, na mkiona nyufa au alama ya dole imebaki, hicho kiatu si cha kumpa mtu. Mahema nayo ni hivyo hivyo. Utando wa ndani unaozuia maji hufika siku ukaanza kunata kama ganda la embe na kutoa harufu ya uchachu. Hema la namna hiyo halioshwi likapona.

Hata hivyo viatu vingi viliokolewa. Fundi mmoja wa Kongowea, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuhuisha viatu vya mtumba, aliipokea kazi hii kama yake. Hung'oa soli iliyooza yote, husugua gamba la chini kwa msasa mpaka ligeuke jeupe, hubandika soli ya mpira mzito, kisha hushona ukingoni kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Jozi 27 zimepita mikononi mwake. Mpaka leo hakuna hata moja iliyorudi.

Vifaa vya kamba na usalama, yaani kamba za kupandia miamba, mikanda ya kiunoni na helmeti, hatupokei kabisa, wala msituletee kwa huruma. Nailoni huchoka kwa jua na kwa umri, na watengenezaji wengi wenyewe huiwekea ukomo wa miaka 10 hata kama haijatumika.

Kundi la pili tulilofanya kazi nalo ni vijana walio kwenye matibabu ya kuacha heroini. Niseme kwanza kwamba neno "teja" tumekubaliana lisitumike tena katika mikutano ya chama. Hapa pia tulikuja na mipango yetu: hema, moto, kulala Shimba Hills usiku mmoja. Mshauri nasaha wao akatuuliza: na dozi ya asubuhi je? Kwa wengi wao methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, hunywewa pale pale kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku. Akikosa, mwili wake huanza kuteseka, na kazi ya miezi inaweza kupotea. Mtu huyo hawezi kulala mbali na mji.

Kwa hiyo safari ikageuzwa ikaifuata dozi. Walikunywa dawa asubuhi, tukawachukua mlangoni, tukapitia barabara ya Dongo Kundu badala ya kungoja feri ya Likoni, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunashuka na askari wa hifadhi kuelekea maporomoko ya Sheldrick. Mabegi madogo, viatu vya fundi wetu, kofia, maji. Waliwaona palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu, na Kenya nzima palahala hawapatikani porini ila hapo Shimba Hills. Wakati wa kupanda kurudi, kijana mmoja alianza kunisimulia mambo yake mwenyewe, bila kuulizwa. Alisema alishawahi kujaribu kujitoa uhai, na kwamba hakumwambia mtu, hata daktari, kwa kuogopa polisi. Hofu yake haikuwa ya bure. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Alisikia habari hiyo redioni, akaenda kliniki wiki iliyofuata. Nimeruhusiwa naye kuyaandika haya, bila jina.

Na ile mifuko ya kulalia? Ilipata wenyewe, nao si wale tuliowadhania. Hospitali ya Port Reitz ina wodi za akili zinazotegemewa na watu wa Pwani, lakini sehemu kubwa ya uuguzi hufanyika nyumbani, na anayeufanya ni mama, dada au mke. Bado kuna nyumba ambazo jirani akiuliza huambiwa mgonjwa "amesafiri". Walezi hawa hawana zamu wala likizo. Muuguzi yule yule ndiye aliyetuambia: kama mnataka kumlaza mtu nje ya mji, mlazeni mlezi.

Mwezi wa Agosti tuliwapeleka walezi 14 Wundanyi, siku mbili, huku ndugu zao wamewashikia nafasi nyumbani. Kule Taita usiku wa Agosti una baridi ya kweli, na mifuko ikafanya kazi iliyotengenezewa. Asubuhi ya pili tulikuwa na mpango wa kupanda Vuria, mita 2,208, kuondoka saa kumi na mbili. Saa moja na nusu mama mmoja wa Magongo alikuwa bado amelala, zipu imefungwa hadi kidevuni, ukungu unapita juu ya nyasi mbele ya hema lake. Kijana wetu akataka kumwamsha. Mwenzake akamzuia. Alisema mama huyu hajalala usiku mzima tangu mwanawe alipoanza kuugua, na mwanawe ana miaka 26 sasa. Tulikaa tukanywa chai. Vuria hatukupanda siku ile, na naliandika hilo hapa kama mafanikio ya chama.

Mahema manne mazima tulikipa kikundi cha akina mama wanaootesha miche ya mikoko kwenye hori la Tudor. Wao huyatumia kama kivuli cha kufungia miche kwenye vifuko na cha kupumzika maji yanapojaa. Walichokitaka hasa ni gambuti, kwa ajili ya tope na kome wanaokata miguu. Tulipeleka jozi 11. Hazikutosha.

Kuna jambo la picha, na baadhi yenu mlilalamika. Mfadhili mmoja alikuwa tayari kulipia usafiri wa mwaka mzima, kwa sharti kwamba apate picha za wagonjwa wakipokea vifaa. Kamati ilikataa kwa kauli moja. Fedha hizo zingetufaa sana, sikatai. Lakini uso wa mtu akiwa mgonjwa si risiti ya msaada, na mtu huyo kesho atatafuta kazi na mchumba katika mji huu huu. Kura ikirudiwa leo, nitapiga vile vile.

Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Nitaje tu kwamba gharama kubwa ilikuwa fundi na usafiri, wala si vifaa. Ada za wanachama zimelipwa vizuri, na uchaguzi wa kamati utafanyika kwenye mkutano mkuu kama katiba yetu isemavyo.

Mfumo nao tumeubadilisha. Mifuko ya kulalia, mahema yaliyobaki na mabegi makubwa hayatolewi tena moja kwa moja. Yatakaa stoo, yataazimwa na kikundi chochote tunachoshirikiana nacho, yatarudi, yataoshwa, yatakaushwa kivulini. Mifuko ining'inizwe ikiwa wazi, isikandamizwe kwenye vifuko vyake. Kinachokaa mwilini mwa mtu, yaani viatu, kofia, mashati na makoti ya mvua, hicho ni chake. Na hakuna mzigo utakaotoka Tudor kabla hatujapata orodha kutoka kwa anayepelekewa.

Stoo itakuwa wazi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu hadi saa sita. Leteni vitu vikiwa vimeoshwa na vimekauka, zipu zimepakwa nta kama zimeanza kushika chumvi, viatu mmevikunja na kuvibonyeza wenyewe kwanza. Orodha ya sasa ya kliniki ni pama, chupa za maji za lita moja, na viatu nambari 41 hadi 44. Akina mama wa mikoko wanataka gambuti nambari 38 na 39, na wanazitaka kabla ya mvua za masika.

Mwenyekiti wenu,
Mombasa, Desemba 2025