Salamu za Diwali kwa majirani zetu wa Kisutu

Ndugu zetu Wahindu wa Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, tunawatakia Diwali njema, nyinyi na wazee wenu, watoto wenu na wageni mliowapokea. Katika usiku huu usio na mwezi, vitaa vya udongo vyenye samli na utambi wa pamba vimekwisha kupangwa vizingitini kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, na wengi wenu mnamkumbuka mwana wa mfalme Rama aliporejea mji wake wa Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamishoni.

Sisi majirani zenu Waislamu hatushiriki ibada hiyo, lakini tunaisikia, na kinachotugusa zaidi ni wingi wa majina. Katika Mahabharata, utenzi wenu wa kale wa vita, shujaa mzee Bhishma, akiwa amelala juu ya mishale iliyomchoma, anamtajia mfalme Yudhishthira majina 1,000 ya mungu Vishnu, na hadi leo wapo wanaoyasoma yote kwa ghibu. Kwetu nako, mzee huketi juu ya msala baada ya Alfajiri, akavuta tasbihi ya punje 99 huku akitaja Ar-Rahman, Al-Quddus, As-Salaam. Yenu ina punje 108. Rigveda, kitabu chenu kitakatifu cha kale, inasema kwamba lililopo ni moja, ila wenye hekima huliita kwa majina mengi, na Sura ya Al-Israa, aya ya 110, inatuambia tumwite Allah au tumwite Ar-Rahman, kwani majina mazuri yote ni yake.

Hata hivyo hatutasema kwamba dini zetu ni kitu kimoja, maana kauli hiyo, tamu majukwaani, haimheshimu yeyote. Nyinyi mnaamini kwamba Vishnu alishuka duniani akiwa Rama, kisha Krishna, na mnakwenda hekaluni kuonana naye katika sanamu. Sisi tunasoma kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana anayefanana naye. Upanishad, maandiko yenu ya hekima, zinapomweleza Brahman, aliye asili ya vyote, kwa kukana kila sifa, si hivi, si hivi, ndizo zilizo karibu zaidi na masikio yetu. Dara Shikoh, mwana Mwislamu wa Shah Jahan, mfalme wa Wamughali wa India, alisimamia tafsiri ya Upanishad 50 kwa Kiajemi mwaka 1657. Miaka miwili baadaye nduguye Aurangzeb alimwua, na kuritadi kulikuwa miongoni mwa tuhuma. Hapa Kisutu, alhamdulillahi, mazungumzo haya huishia kwenye chai.

Mwaka wenu mpya wa Kigujarati ukiingia tutapita kuwaamkia. Saal Mubarak.