Wanafunzi wa filamu waonyeshane kazi kabla hazijakamilika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na walimu na wanafunzi wa utengenezaji wa filamu kuhusu jambo ambalo, kwa maoni yangu, halipewi uzito unaostahili, nalo ni mrejesho wa wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Mara nyingi kazi ya mwanafunzi huonekana na wenzake siku moja tu, siku ya maonyesho ya mwisho, wakati filamu imekwisha kuhaririwa, muziki umewekwa na kinachosubiriwa ni alama. Maoni yanayotolewa siku hiyo, hata yawe ya busara namna gani, hayana tena pa kwenda, maana hakuna aliye tayari kuifumua kazi upya, na wanaoitazama hubaki ama kupongeza kwa adabu ama kukosoa bure.

Ninachosihi ni kwamba mrejesho uje mapema, tena zaidi ya mara moja. Mswada usomwe kwa sauti mbele ya darasa kabla kamera haijawashwa, kwa kuwa mazungumzo yanayoonekana safi kwenye karatasi aghalabu hukwama mdomoni, na kufuta mstari wa mswada hakugharimu kitu, ilhali kurudia kupiga picha za onyesho zima kunataka waigizaji warudi, eneo lipatikane tena na mwanga ulingane na wa siku ile. Lakini kikao chenye manufaa kuliko vyote ni kile cha rasimu ya kwanza ya uhariri, pale picha zinapokuwa zimepangwa kwa mfuatano wa hadithi ingawa sauti bado haijasawazishwa na rangi haijarekebishwa. Hapo ndipo mwongozaji anapopata kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi tena kuwa nacho, yaani macho ya mtu asiyeijua hadithi.

Nitoe mfano wa darasani. Kikundi kimoja kilionyesha filamu fupi ambayo kiini chake ni ugomvi wa vijana wawili mlangoni, wakigombania ufunguo wa nyumba. Karibu watazamaji wote waliandika kwamba ugomvi ule ni mrefu mno, na mhariri alikuwa tayari kuukata nusu, ndipo mwanafunzi mmoja alipopendekeza kila mtu aulizwe vijana wale wana uhusiano gani. Baadhi walidhani ni ndugu, wengine walidhani ni mwenye nyumba na mpangaji wake. Kumbe kikundi kilikuwa na shoti ya picha ya familia iliyotundikwa ukutani, ambayo kiliiondoa kwa kuhofia kwamba inachelewesha mwanzo. Shoti ile iliporudishwa, ugomvi ulibaki na urefu wake uleule, na katika kikao kilichofuata hakuna aliyeulalamikia. Walter Murch, mhariri wa filamu wa Marekani, amelieleza jambo hili kwa mfano wa mgonjwa anayelalamikia kiwiko ilhali mshipa wa fahamu uliobanwa uko begani, na daktari anayekimbilia kupasua kiwiko hatakuwa amemsaidia.

Ndiyo maana naamini kwamba watazamaji wasianze kwa kuagiza nini kikatwe na nini kiongezwe, bali waeleze walichokiona, walichokielewa, na ni wapi hasa walipopotea. Kila mmoja aandike yake kabla ya mtu yeyote kuzungumza, kwa sababu anayesema wa kwanza kwa sauti ya kujiamini huwavuta wengine wote wamfuate. Mwongozaji naye asitoe maelezo kabla ya filamu kuonyeshwa, wala asijitetee baadaye. Filamu ikishatoka mikononi mwake hatakuwapo ukumbini kufafanua. Afadhali akae pembeni awatazame watazamaji wenyewe, maana wanaogeukia simu zao katika dakika ya nne wamekwisha kumwambia jambo.

Kwa walimu wanaotafuta utaratibu uliokwisha kufanyiwa kazi, upo ule ulioanzishwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, ambao una hatua 4. Kwanza watazamaji husema ni nini kiliwagusa. Pili msanii huuliza maswali yake. Tatu watazamaji humuuliza msanii maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Na mwishoni hutoa maoni yao kwa ridhaa yake. Hatua ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo inayofundisha zaidi. Kuuliza "kwa nini umelitia giza namna ile onyesho la jikoni" ni kuhukumu kwa kujificha nyuma ya swali, lakini kuuliza "ulitaka tuhisi nini kutokana na mwanga wa jikoni" humfanya mwenye kazi afikiri badala ya kujihami.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba wanafunzi hawana ujuzi wa kukosoana, na kwamba marafiki watasifiana huku mahasimu wakilipizana visasi. Hofu hiyo ina msingi pale tu wanapoombwa kuwa mahakimu. Kusema "sikujua kama siku imepita kati ya maonyesho haya mawili" hakuhitaji shahada wala hakumdhalilishi mtu, na anayelibaini tatizo hilo katika kazi ya mwenzake hurudi kwenye kazi yake akiwa na jicho kali zaidi. Wala uamuzi haumtoki mwongozaji. Ed Catmull, mmoja wa waasisi wa studio ya Pixar, ameeleza kwamba hata huko, katika vikao ambavyo waongozaji hukosoana kwa uwazi, mwenye filamu halazimiki kufuata ushauri anaopewa.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa kozi waviingize vikao hivi katika ratiba rasmi, kile cha rasimu ya kwanza kikitangulia tarehe ya kukabidhi kazi kwa angalau wiki mbili, na pamoja na filamu mwanafunzi akabidhi ukurasa mmoja unaoeleza ni maoni yapi aliyakubali, yapi aliyakataa na kwa sababu gani, ukurasa ambao nao usahihishwe na kupewa alama.

Wako,
Mwalimu wa utengenezaji wa filamu